Wasichana wanaishiwa pumzi kipindi cha pili? Usiwaongezee raundi

Mwalimu, nimekuelewa hivi: timu yako ya wasichana wa miaka 14 hadi 17 inacheza vizuri mpaka mapumziko, kisha inazimika. Umewazungusha uwanja weee, na mambo ni yale yale. Sasa unauliza uongeze raundi au uhamie kwenye mpira. Nimefundisha timu za wasichana wa shule kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu ni uzipunguze hizo raundi kuanzia mazoezi yajayo.

Kwanza chunguza kama tatizo ni pumzi kweli. Mechi ijayo mpe mchezaji wa benchi karatasi na kalamu, aweke alama kila mwenzake anapopokea pasi na mpira ukamtoka mguuni. Utashangaa. Kila mpira unaotoka hivyo unazaa mbio: aliyeupoteza anaukimbiza, kiungo anakwenda kukaba, beki aliyekuwa amepanda anarudi, na zote ni mbio za kasi. Timu isiyojua kutuliza mpira inajikuta inafanya kazi ya mpinzani, halafu dakika ya hamsini tunasema wasichana hawana stamina. Wengi niliowapokea walianza kugusa mpira wakiwa wakubwa, kwa hiyo udhaifu wa kutuliza si jambo la ajabu, na unarekebishika haraka kuliko mapafu.

Raundi za uwanja zinamzoesha mtu mwendo mmoja. Mpira haupo hivyo: mchezaji anatembea kidogo, anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anaruka. Kwa hiyo mimi pumzi naijenga ndani ya mchezo. Pima eneo la kama mita 30 kwa 20, weka wanne kwa wanne, wacheze dakika tatu bila kusimama, wapumzike mbili, warudie mara nne. Mipira ya akiba iwe pembeni, ukitoka mmoja unarusha mwingine papo hapo, maana zoezi hili hufa kwa kusubiri mpira uliokwenda vichakani. Ukitaka mbio ndefu zaidi, panua eneo. Ukitaka kugeuka na kugombania mpira, libane. Uzuri mwingine ni kwamba kwenye kumi na moja kwa kumi na moja yule asiyejiamini anajificha pembeni mpaka filimbi ya mwisho, ila kwenye wanne hana pa kujificha.

Ujuzi mpya ufundishe mwanzoni, wakiwa bado wana nguvu. Kupokea kwa mguu wa mbali huku mwili umefunguka kuelekea unakokwenda, kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika, pasi ya mguu wa kushoto: haya hayaingii kichwani kwa mtu anayehema. Wakishachoka, warudie wanachokijua. Danadana ziwe za kujifurahisha nyumbani. Sijaona timu iliyoshinda mechi kwa danadana.

Sasa kuna sehemu moja ambayo hairuhusu kuchanganywa na mchezo, nayo ni magoti. Wasichana wa umri huu hukatika kano iliyo katikati ya goti (ACL) kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna aliyewagusa. Mtu ameruka akatua vibaya, au amebadili mwelekeo kwa kasi, goti likaingia ndani. Kupona huchukua miezi mingi, na wengine hawarudi uwanjani tena. Kuna programu ya kupasha mwili inayoitwa FIFA 11+, huchukua kama dakika 20, haihitaji vifaa zaidi ya mpira na koni: kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, kisha mbio za kasi. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 na kuchapishwa 2008 ulionyesha majeraha makubwa yakipungua kwa karibu nusu kwenye timu zilizoifuata. Angalau mara mbili kwa wiki, na si pale tu unapokumbuka.

Lakini usisome orodha tu na kupiga makofi. Wanaporuka, simama mbele yao utazame magoti: yanabaki juu ya vidole vya miguu au yanakutana? Maelekezo marefu hayasaidii. Mimi husema "tua kimya" basi, kwa sababu anayetua bila kishindo karibu kila mara amekunja goti na nyonga ipasavyo. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukajishusha mbele polepole, linajenga misuli ya nyuma ya paja vizuri sana. Anza na machache, la sivyo kesho yake nusu ya timu itashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Kuna mambo ambayo makocha wengi wa kiume wanayakwepa. Mwenye hedhi nzito hupoteza madini ya chuma, na akipungukiwa damu hakuna zoezi litakalompa pumzi. Ukiona mmoja anashuka wakati wenzake wanapanda, asiitwe mvivu, aende akapimwe damu. Na aliyekaa miezi mitatu bila hedhi asipongezwe kwamba sasa ni mwanamichezo. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anachokichoma, mifupa yake inaweza kulipia, na anahitaji daktari. Mwombe mwalimu wa kike au nahodha awe mtu wa kuambiwa haya, na pedi zikae kwenye mfuko wa huduma ya kwanza pamoja na bandeji, bila mtu kulazimika kuomba ruhusa. Bukta nyeusi pia husaidia kuliko hotuba yoyote. Anayefika mazoezini jioni hajala tangu asubuhi, mpe kazi nyepesi.

Wiki yangu ya kawaida ina siku tatu: mbili nzito zenye wanne kwa wanne, na moja nyepesi ya mipira iliyokufa (kona na faulo) na kupiga golini. Ikiwa mechi ni kesho, sigusi mazoezi ya nguvu kabisa.

Na kwa mchangiaji aliyesema wasichana wasishike vyuma kwa sababu "watakomaa kama wanaume": hapana. Kuchuchumaa na kupiga hatua ndefu kwa uzito wa mwili kwanza, wakishalijua umbo sahihi ndipo unaongeza uzito kidogo kidogo chini ya macho ya mtu anayejua. Wangu wanaofanya hivyo hawajakomaa kama mtu yeyote, ila mabeki wa timu pinzani siku hizi hawawasukumi ovyo.