Chumba kitupu kando ya bahari: jibu kwa dada anayekwenda Jambiani

Dada yangu, umeuliza kama wewe na mume wako mtapata thamani ya fedha yenu katika hoteli ndogo ya Jambiani, Unguja, ambayo vyumba vyake havina televisheni wala kiyoyozi, bali kitanda, chandarua na kuta nyeupe za chokaa. Naamini mtaipata, ila msichague tarehe kabla ya kuangalia mwezi. Katika pwani ile ya mashariki bahari hupwa mbali sana, na siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kurudi kujaa alasiri. Anayetaka kuogelea kila asubuhi atavunjika moyo. Anayependa kutembea atawaona akina mama wakiwa wameinama kwenye mashamba ya mwani, wakifunga vipande kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti.

Kwa kuwa hakuna kiyoyozi, ulizeni kwanza kama chumba kina madirisha pande mbili zinazokabiliana, kwani upepo unaoingia bila pa kutokea haupozi kitu. Juni hadi Agosti kusi huvuma na usiku huwa wa baridi kidogo. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingi ndogo hufungwa. Nami ningewasihi mkae usiku nne badala ya mbili, maana utulivu wa chumba kama hicho huanza kuonekana siku ya pili, mkishazoea kunawa mchanga miguuni kwa kata mlangoni.