Barua ya hataza juu ya mashine ya kuvukiza viyeyushi: soma madai kabla ya kuogopa

Mkuu, umeuliza kama mashine yenu ya kukausha sampuli kwa naitrojeni, mnayouza Marekani, imevunja hataza (haki ya kipekee juu ya uvumbuzi) ya mshindani kwa sababu "inafanya kazi ileile". Hiyo peke yake haitoshi. Kazi ya kuvukiza viyeyushi ni ya zamani: hata kuvukiza kwa kuzungusha chupa iliyofyonzwa hewa, watafiti Craig, Gregory na Hausmann walishakuchapisha mwaka 1950. Kinacholindwa ni madai, yaani sentensi zilizo mwishoni mwa hataza zinazoweka mipaka ya uvumbuzi, siyo michoro.

Kwanza angalia ada. Hataza ya Marekani hulipiwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Isipolipiwa, hata baada ya nyongeza ya miezi 6, inakufa. Bado mnaweza kushtakiwa kwa uvunjaji wa kabla ya hapo, lakini fidia hairudi nyuma zaidi ya miaka 6 kabla ya mashtaka.

Ikiwa hai, likate dai huru (lisilotegemea dai jingine) vipande. Tuseme linataka tyubu yenye kitako cha koni, nozeli iliyoinamia ukuta ili gesi izungushe kimiminika, beseni la maji moto, na kihisi cha mwanga cha kusimamisha gesi. Kikikosekana kimoja, dai halijavunjwa kwa maneno yake. Nozeli yenu mnasema ni wima? Pimeni pembe, kisha tieni rangi kwenye methanoli na mpige video kwa presha mnayouzia. Nozeli wima ya katikati huchimba shimo na kurusha matone. Ikisogea kidogo kuelekea ukuta, kimiminika huweza kuzunguka hivyohivyo, na utetezi wenu unayumba.

Kubadilisha kihisi cha mwanga kwa cha sauti hakuwaokoi moja kwa moja, maana mahakama huuliza kama kibadala kinafanya kimsingi kazi ileile, kwa njia ileile, kwa matokeo yaleyale. Hapo ombeni faili la maombi ya hataza hiyo, lenye mawasiliano ya mwombaji na mkaguzi wa ofisi ya hataza. Kama "nozeli" iligeuzwa "nozeli iliyoinama" ili mkaguzi akubali, kesi ya Festo ya Mahakama ya Juu ya Marekani (2002) inamhesabu mwenye hataza ameachia nozeli zisizoinama, mpaka athibitishe vingine.

Mkishapokea hati ya mashtaka, mna mwaka 1 tu wa kuomba ofisi ya hataza ipitie upya uhalali wa hataza hiyo kwa utaratibu uitwao inter partes review, tena kwa hataza na machapisho ya zamani pekee. Mashine kuukuu iliyoko stoo haipokelewi huko, ipelekeni mahakamani.

Mafundi wasibishane kwenye barua pepe kuhusu nani kaiga nani. Zilizokwisha kuandikwa msifute hata moja.