Kabla hujauliza bakshishi ni asilimia ngapi, uliza inaenda kwa nani

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kula mgahawani ni hili: nitoe asilimia ngapi? Nalielewa, maana bili ikishaletwa na mhudumu akasimama pembeni, mtu anataka namba ya haraka atoke pale bila aibu. Lakini mimi nimefanya kazi ya kuhudumia meza kabla sijaanza kuzikalia kama mteja, na kwa niliyoyaona, asilimia ni swali la pili. La kwanza ni hili: hela hii ikitoka mkononi mwangu, inaishia kwa nani?

Anza na bili yenyewe. Isome yote, usiishie kwenye jumla ya pale chini. Migahawa mingi ya mjini huongeza ada ya huduma, na huiandika kwa herufi ndogo karibu na kodi. Ukishaiona, usikimbilie kuamini kwamba bakshishi umeshatoa. Sehemu mojawapo niliyofanya kazi, kila mteja alitozwa ada hiyo, akaondoka na moyo mweupe akijua ametushukuru, na sisi tukabaki kuisoma kwenye risiti kama alivyoisoma yeye. Hela ilikuwa inaishia ofisini.

Kwa hiyo uliza. Usiulize kwa sauti kubwa wala meneja akiwa amesimama hapo, utamtia mtu matatani bure. Akikuletea bili mwambie kwa upole, "Samahani, hii ada ya huduma huwa mnaipata nyie?" Akisema wanaipata, umemaliza, na cha kuongeza ni hiari yako. Akisita, au akitupia jicho kaunta kwanza, umeshajibiwa.

Zipo nchi zilizolimaliza jambo hili kwa sheria au kwa mazoea, na msafiri akizijua anaokoa hela. Uingereza, tangu Oktoba 2024, mwajiri haruhusiwi kujibakizia bakshishi wala ada ya huduma. Anatakiwa kuzigawa kwa wafanyakazi, na kwa haki. Ufaransa, bei unayoiona kwenye menyu tayari imebeba huduma, ndiyo maana wenyeji huacha sarafu mbili tatu au wasiache kitu, na hakuna anayenuna. Japani bakshishi haimo katika utaratibu wao. Ukiacha noti mezani usishangae mtu akikukimbilia hadi barabarani akidhani umesahau.

Marekani ni kinyume kabisa. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa hesabu kwamba bakshishi itamfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Isipomfikisha, mwajiri anatakiwa kujazia. Majimbo machache, California ikiwemo, yalikataa mtindo huo na yanataka mhudumu alipwe kima kamili kabla ya bakshishi. Kwingineko, ile asilimia 15 hadi 20 inayowashtua wageni ni mshahara wa mtu, na anayeulipa ni wewe. Ni ghali? Ndiyo, ni ghali. Basi punguza kwenye ulichoagiza, usipunguze kwake. Na angalia bili kama mko kundi kubwa, kwa sababu huko mara nyingi bakshishi huwa imeshajumlishwa, na ukilala unalipa mara mbili.

Penye utata, mimi hutoa taslimu, mkononi kwa aliyenihudumia. Ya kwenye kadi inapita kwanza kwa mwajiri, na safari yake kutoka hapo huijui. Wapo wanaosema kwa kufanya hivyo nawanyima wapishi na waosha vyombo. Hoja yao ina uzito. Anayekaa na moto jikoni usiku kucha haonwi na mteja hata mmoja. Nikikuta kisanduku cha pamoja pale kaunta, natumbukiza humo. Nisipokikuta, namwachia mhudumu, kwani sehemu nyingi wana mgao wao wenyewe mwisho wa zamu, na wanajuana.

Siku hizi kuna mashine za kadi zinazokutolea namba za kuchagua huku mwenye mashine amekukodolea macho. Usitishike. Kuna sehemu ya kuandika kiasi chako mwenyewe, itafute. Kama umekula kwa punguzo au kuponi, piga hesabu kwa bei kamili, maana sahani alizobeba mhudumu hazikupungua uzito.

Huduma ikiwa mbaya je? Hapa watu wengi humwadhibu asiyehusika. Chakula kikichelewa, aghalabu kimekwama jikoni. Kikija kimepoa, uliza kilikaa wapi kabla hujaamua kosa ni la nani. Mhudumu aliyekuja kukueleza sababu ya kuchelewa na kukuomba radhi amefanya kazi yake yote. Aliyekujibu ovyo ni habari nyingine, huyo mpunguzie, lakini sema pia. Ukiondoka kimya bila kuacha kitu, atadhani wewe ni bahili tu, na kesho atamjibu mwingine vilevile.

Na hela haifuti tabia. Nimewahudumia watu waliotoa noti nene baada ya kuniita kwa mbinja na vidole jioni nzima. Nilizipokea, nilikuwa nazihitaji, lakini meza yao hakuna aliyekuwa anaigombania. Waliogombaniwa ni wale walioinua mkono kidogo, wakauliza jina na kulikumbuka, wakasema asante sahani ikitua. Usipunge noti hewani kabla hujahudumiwa. Usitoe kwa kelele ili wageni wako wakuone. Na ukimpa mhudumu wa kike hela, mpe hela peke yake, usimviringishie namba yako ya simu ndani.

Mkienda kundi, teueni mtu mmoja wa kukusanya kabla chakula hakijaletwa, na kila mtu atoe ya kwake pamoja na bakshishi. Mkisubiri mwisho, wawili watakuwa wamewahi usafiri, mmoja yuko kwenye simu, na pengo litazibwa kwa kukata ya mhudumu, kwa sababu ndiye pekee pale asiyeweza kudai. Kumbukeni pia kwamba meza mliyoikalia jioni nzima kwa vinywaji viwili ni meza ambayo yeye angeipa wateja wengine. Mkikaa mpaka wenzenu wanapandisha viti, ongezeni.