"Imepimwa" si "imekaguliwa": kabla hujanunua nyumba ya zamani kijijini

Juzi usiku kaka mmoja wa Kimara kanitumia ujumbe. Amepata nyumba ya zamani Mkuranga, ekari moja na nusu, mikorosho na minazi, mwenye nyumba anataka milioni 35. Dalali anamkimbiza alipie wiki hii hii kwa sababu eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Mwisho akaandika: "Dada, fundi wangu ameshaiona, kasema iko vizuri. Na imepimwa."

Neno hilo la mwisho limeninyima usingizi. Nililisikia na mimi, Agosti 2023, nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha nyumba moja mbele kidogo ya Kisarawe mjini. "Mwanangu, usiwe na wasiwasi, hii imepimwa," mzee mwenye nyumba akaniambia. Nikatulia moyo wangu wote. Kumbe kilichopimwa ni kiwanja. Nyumba yenyewe hakuna mtu aliyewahi kuipima chochote.

Mnaosoma hapa wengi ninyi ni wenzangu. Mmechoka na foleni ya Buguruni na kelele za usiku, mnataka pa kwenda Ijumaa jioni, kuku wenu, maembe yenu, na baadaye pa kustaafia. Kuanza msingi mpya ni miaka mitano ya kununua saruji mifuko kumi kumi. Kwa hiyo ukiona nyumba iliyokwishasimama, yenye mti mkubwa mbele, moyo unaenda wenyewe. Siwalaumu. Na wangu ulikwenda hivyo hivyo.

Na mimi nilikuwa na sababu kubwa zaidi, mama. Mama yangu ni Mzaramo wa huko huko Kisarawe. Ameishi Buguruni zaidi ya miaka arobaini, chumba na sebule, ametusomesha kwa vitumbua. Alikuwa anasema kila mara, "Kuzikwa kwetu nitazikwa tu, lakini kabla ya hapo nataka nikaishi kwetu kidogo." Nilipopata mkopo nikajua hela hii kazi yake ni moja.

Nyumba ilijengwa 1974 na mwalimu, baba yake yule mzee. Vyumba vinne, korido katikati, mlango wa mbele wa mvule mzito mpaka unasikia raha kuusukuma. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa, mpya kabisa, bado inanuka. Mama akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama bondeni, akakaa chini sakafuni, akasema, "Kitanda changu hapa." Basi, bei nikawa nimeshaikubali kabla haijatajwa. Milioni 28.

Sikuwa mzembe, na hili nataka lieleweke, maana watu wa ukoo wamenisema sana. Nililipa wakili. Nikafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hati ikaonekana safi, haina mkopo wala zuio. Nikalipa mpima ardhi aje atuonyeshe bikoni zote nne, zile alama za mipaka ya kiwanja, na moja ikabidi tuichimbue chini ya kichuguu. Benki nayo ikaleta mthamini wake. Akazunguka nyumba dakika ishirini, akapiga picha, akaandika. Nilipoona na benki imeridhika, nikasema nani tena wa kuogopa?

Sisi watu wa Dar tumeumizwa sana na viwanja. Kila familia ina hadithi ya kiwanja kilichouzwa mara mbili. Kwa hiyo woga wetu wote tumeuweka kwenye karatasi. Tunalala na hati chini ya mto. Ukuta tunaupiga kiganja mara mbili, tunasema uko imara. Mthamini kazi yake ni kusema nyumba ingeuzwa bei gani sokoni, hachimbi msingi wala hapandi darini. Mpima anashughulika na mipaka, wakili na karatasi. Watu watatu niliwalipa, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuniambia kama ukuta wa chumba cha mama utasimama.

Fundi nilimpeleka pia. Ni fundi mzuri, ndiye aliyetujengea uzio Tabata. Aliangalia paa kwa chini, akagonga sakafu, akasema, "Dada, hii nyumba ya wakati wa Mwalimu, walikuwa hawaibi saruji." Nikacheka nikaamini. Mimi mwenyewe siku ile niliona mstari mwembamba ukishuka kutoka kona ya dirisha la nyuma, umekwenda ngazi ngazi mpaka karibu na sakafu, umejazwa kitu na kupakwa rangi juu. Niliuona. Niliupitishia kidole. Nikadhani ni alama ya brashi ya fundi rangi.

Mama akahamia Desemba. Miezi minne ya furaha ambayo sitaisahau, sauti yake ya simu ilibadilika.

Halafu ikaja masika ya 2024, ile iliyofurisha Rufiji na Kibiti. Kisarawe haikufurika, iko juu, ila mvua haikukatika. Paa halikuwa na mifereji, maji yote ya upande wa nyuma yakawa yanaanguka mguuni mwa ukuta ule ule, siku baada ya siku. Mama alinipigia mara mbili kusema rangi inavimba kama malengelenge. Nikamwambia tutapaka kiangazi.

Siku ya Jumamosi, saa tisa mchana, mama alikuwa kwenye khitma kwa jirani. Ukuta ukaanguka ndani. Nilifika jioni na mume wangu kwa pikipiki kutoka Kisarawe mjini maana gari lilikwama. Chandarua kilikuwa bado kimening'inia upande mmoja, upande wa pili umezikwa. Juu ya kitanda pale panapokaa kichwa palikuwa na lundo la udongo. Nikaokota kipande cha tofali. Kikalegea mkononi mwangu kama sukari guru iliyodondokewa na chai.

Udongo, ndugu zangu. Nyumba nzima ilikuwa ya matofali mabichi ya udongo, hayakuchomwa, yamevishwa lipu ya saruji nje na ndani. Ukiigonga inalia kama saruji kwa sababu unagonga saruji, sentimita mbili za saruji.

Mhandisi nilimtafuta baada ya hapo, kwa kulia. Alitumia saa nne pale. Kwanza alituchimbisha shimo kwenye kona, kando ya ukuta uliobaki, akatuonyesha msingi: mawe yaliyopangwa kwa tope, kina chake shubiri mbili, yamekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo wa namna hiyo hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba inapandishwa na kushushwa kila mwaka. Akaeleza kwamba nyumba ya udongo siyo nyumba mbaya, wazee wetu wameishi humo vizazi na vizazi, lakini udongo unahitaji kupumua. Ukiuvika saruji, maji yanayopanda kutoka chini na yanayoingia kwenye nyufa hayana pa kutokea. Yanakaa mle mle, tofali la chini linageuka uji polepole, na nje wewe unaona rangi nzuri tu. Ule mstari wa ngazi ngazi ulikuwa ndio nyumba yenyewe inasema. Ufa unaofuata viungo vya matofali kutoka kona ya dirisha kwenda chini mara nyingi ni msingi unaokaa vibaya upande mmoja. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu ni kitu kingine, hizo ni lipu imekauka haraka.

Kisha akapanda darini na tochi. Akatoa bisibisi akaichomeka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ikaingia mpaka kwenye mpini, bila kusukuma. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda la nje kama bahasha. Yale mabati yalikuwa yanashikiliwa na mazoea.

Ukarabati umenigharimu milioni 17 na bado korido haijaisha. Bei ambayo mhandisi yule yule angenitoza kwa ukaguzi kabla ya kununua, na ripoti ya maandishi, aliniambia ni laki sita na nauli. Laki sita. Dalali wangu nilimlipa zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa kunifungulia geti.

Kwa hiyo mwaka jana mdogo wangu alipopata nyumba ya zamani upande wa Mlandizi, nilimwambia, hutoi hata shilingi ya kishika uchumba mpaka mhandisi apite. Dalali akanuna. Muuzaji akasema tunamdharau. Nikasimama pale pale. Na nashukuru Mungu, maana siku ile niliona kazi inavyotakiwa kufanyika.

Mhandisi alibandua lipu kidogo sehemu tatu zilizofichika, tukaona tofali la saruji kweli. Alichimba shimo la msingi pembe mbili. Akamwaga maji kwenye tangi na kufuata bomba. Kwenye kizege cha juu ya kibaraza akakuta vipande vimebanduka na nondo imeonekana, nyekundu, akaeleza kwamba nondo ikishika kutu hutanuka, na ndivyo inavyolipasua zege kutoka ndani. Huenda mchanga ulikuwa na chumvi. Sebuleni palikuwa na ufa mmoja mrefu uliomtisha mdogo wangu mpaka akataka tuondoke. Mhandisi akachukua kipande cha kioo chembamba, akakibandika juu ya ufa kwa plasta kwenye ncha zote mbili, akaandika tarehe kwa penseli. Tukarudi baada ya wiki tano, mvua za vuli zimeshapiga. Kioo kizima. Ufa ule ulikuwa wa zamani, nyumba ilishakaa ikatulia. Kwa kawaida ufa ukiwa bado unatembea, kioo huvunjika.

Ripoti ikaja kurasa tisa na picha. Tuliiweka mezani mbele ya muuzaji, hatukugombana, tukasoma tu ukurasa wa kibaraza. Akashusha milioni nne. Mdogo wangu analala kwake leo, na ninajivunia hilo kuliko hata nyumba yangu.

Sasa, kaka wa Kimara, na wengine mlio njiani. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Muombe namba yake ya usajili na uihakiki, usione haya, anayejua kazi hakasiriki. Usimchukue anayeletwa na dalali. Fundi wako mpeleke, ana macho, lakini fundi anaishi kwa kukarabati, na hatakuandikia kitu unachoweza kumwekea muuzaji mezani. Taka maandishi. Usikubali "iko vizuri" ya mdomo.

Mwambie unataka achimbe, abandue, apande. Kuta ni za nini, msingi una kina gani na umekaa juu ya udongo gani, kuna mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha au hakuna, kenchi zikoje, maji ya mvua yanakwenda wapi. Muuzaji akikataa kuchimbwa shimo dogo la msingi, umeshapata jibu lako. Na nyumba iliyopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa, ongeza macho.

Ukiweza, nenda kuiona masika. Nyumba ya Agosti na nyumba ya Aprili ni nyumba mbili.

Paa likiwa la asbesto, zile bati nene za kijivu za majengo ya zamani, usiruhusu mtu kulikata wala kulitoboa. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Mhandisi akuandikie na hilo, uondoaji wake ni gharama ya peke yake. Na kama ni ardhi ya kijiji, mambo ya halmashauri ya kijiji yako pale pale, ukaguzi hauyaondoi. Fanya vyote.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, nchi nzima tulikaa mbele ya simu tukiwasikia watu walio chini ya kifusi. Tukasema majengo yakaguliwe. Kweli yakaguliwe. Lakini nyumba za chini za vijijini zinaanguka kila masika, moja moja, mchana wa Jumamosi, bila kamera, na aliye ndani ni mama wa mtu. Hela ya ukaguzi usiihesabu kama gharama ya ziada, ihesabu ndani ya bei ya nyumba. Kama huna laki sita ya mhandisi, basi bado huna hela ya nyumba. Subiri. Nasema kwa uchungu kwa sababu najua ninachosema.

Mama yuko Kisarawe bado, alikataa kurudi Buguruni. Ukuta wa nyuma sasa ni wa tofali la saruji, una msingi wa zege na mkanda, mhandisi kausaini. Nimemwonyesha karatasi. Lakini kitanda chake amekivuta katikati ya chumba, na kila nikienda nikikirudisha dirishani, wiki inayofuata nakikuta katikati.