Figo haizoeleki mwilini: kwa muuguzi anayeanza kliniki yetu

Mdogo wangu, darasani ulifundishwa kwamba mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba haukomi kukikataa. Mgonjwa kidonda kimepona, amenenepa, amerudi kuuza nguo zake Gikomba, na bado seli T zake, askari wa kinga ya mwili, zinapita kwenye ile figo aliyopandikizwa, zinakuta alama za HLA, zile zinazotambulisha seli ni za nani, zisizo zake. Dawa huzituliza tu. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston mwaka 1954, ulikuwa wa mapacha wanaofanana, kwa hiyo kinga haikuona mgeni. Hawa wetu hupewa na ndugu, na hata ndugu wa baba na mama mmoja uwezekano wao wa kulingana kikamilifu kwa alama hizo ni 25%.

Basi chunga saa. Wagonjwa wetu humeza takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na damu ya kupima kiwango chake hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Mama mmoja alitoka Kitengela, msongamano wa Mombasa Road ukamshika, akaingia saa tatu akitabasamu: "Sista, nimemeza kwenye matatu, sikutaka kuchelewa." Nilimshukuru, nikamwomba arudi kesho, kidonge kikiwa mkobani. Kipimo cha siku ile kingetoka juu, daktari angepunguza dozi, na figo ingebaki bila ngao.

Halafu uliza kila mara: "Umemeza nini kingine tangu tuonane?" Taja dawa za miti shamba, taja balungi, maana balungi hupandisha kiwango cha takrolimasi. Kijana wetu mmoja alianzishiwa dawa za TB kwenye zahanati ya mtaani, na hakuna aliyetupigia, ingawa namba yetu iko kwenye kadi yake. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, hulifanya ini livunje takrolimasi upesi. Wiki kadhaa alimeza kila kidonge kwa saa yake, na damuni karibu hamna kitu. Hakuwa na homa wala maumivu, mkojo ulitoka kama kawaida. Kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo ikidhoofika, ndiyo iliyosema: kutoka mikromoli 110 hadi 240 kwa lita. Alichukuliwa kipande cha figo kwa sindano ili kipimwe, akapewa steroidi za mshipani kuzima shambulio la kinga. Figo ilinusurika, lakini haikurudi ilivyokuwa, na mimi bado naumia nikiliona faili lake.

Kwa hiyo jibu la kreatinini likifika, liweke kando ya lile la mwezi uliopita kabla hujalifungia kwenye faili. Likiwa limepanda, mpigie daktari siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa anakuambia yuko sawa kabisa.