Kabla ya kuiamini jozi ya domeni, uliza ushahidi wake umetoka wapi

Wengi wanaoanza kutabiri mwingiliano wa domeni za protini, yaani sehemu za protini zenye umbo na kazi zake, hupakua hifadhidata ya jozi za domeni zinazodhaniwa kushikamana, hupanga jozi kwa alama, kisha huchukua zilizo juu. Mimi huanza kwa kutenganisha jozi zilizoonekana katika maumbo halisi ya protini na zile zilizokisiwa na kompyuta. Hifadhidata ya 3did hutegemea maumbo yaliyomo katika Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini yaliyopimwa maabara, ilhali DOMINE ilichanganya jozi za aina hiyo na makisio ya mbinu nyingi, hivyo mistari miwili inayofuatana humo inaweza kutofautiana mno kwa uzito.

Makisio hayo yana tatizo linalostahili kutazamwa kwa makini. Protini yenye domeni tatu inaposhikamana na nyingine yenye domeni mbili, jozi sita zinaweza kuhusika, na kwa kawaida jaribio la maabara halisemi ni ipi. Ukitumia mbinu rahisi ya uwiano, yaani kugawanya idadi ya jozi za protini zinazoshikamana zenye jozi hiyo ya domeni kwa idadi ya jozi zote za protini zenye jozi hiyo, jozi adimu inayopatikana kwa protini hizo mbili peke yake itapewa alama 1, ambayo ndiyo ya juu kabisa, hata kama haihusiki kwa lolote. Mbinu ya Deng na wenzake ya mwaka 2002 hupima jozi zote kwa pamoja na kuzingatia makosa ya majaribio, lakini hata nayo haiwezi kuumba ushahidi usiokuwepo. Kwa hiyo kando ya kila alama mimi huweka safu ya idadi ya jozi za protini zinazoiunga mkono, na ninaisoma hiyo kwanza.

Maumbo nayo yachunguzwe, kwa maana domeni zinaweza kugusana kwa sababu tu ya mpangilio wa molekuli ndani ya fuwele. Unapopima utabiri wako, ondoa jozi ulizozitumia kuufundisha, na usichukulie kukosekana kwa rekodi kuwa uthibitisho kwamba domeni hazishikamani. Negatome, hifadhidata ya jozi zinazoelekea kutoshikamana, ilikusanywa kwa ajili ya pengo hilo hasa.

Tena, si kila mwingiliano ni wa domeni kwa domeni. Domeni ya SH3 hushika vipande vifupi vyenye asidi amino ya prolini kwa wingi, na ile ya SH2 hutambua asidi amino ya tairosini iliyobeba fosfati, mara nyingi katika sehemu zisizo na umbo thabiti. Protini ikikosa domeni mwenza katika orodha yako, zisome sehemu hizo kabla ya kuiondoa.