Ukitaka Melges 24 iliyotumika, usianze na matanga

Ndugu, umeuliza kama uichukue hiyo Melges 24, mashua ndogo ya matanga ya mashindano, kwa kuwa muuzaji anaongeza matanga mengi. Nakusihi, matanga yaache kwanza. Anza na mwili wa mashua.

Gongagonga sitaha na mbavu kwa mpini wa bisibisi, taratibu, hasa karibu na bolti na winchi. Mlio mkavu na mkali ni mzuri. Ukisikia mlio mzito, uliofifia, huenda maji yamepenya na matabaka ya mwili wa mashua yameachana. Ukarabati wake ni ghali na wa kuchosha. Kisha kagua mkuku, lile pezi zito la chini ya mashua, pale unapoingia mwilini. Nyufa upande wa nyuma mara nyingi huonyesha kwamba mashua iliwahi kugonga chini, hata kama rangi ni mpya. Rangi mpya sehemu moja tu ningeiulizia kwa ukali.

Mlingoti ni wa kaboni, kwa hiyo chunguza vipande vya alumini vilivyofungwa juu yake: vikigusana na kaboni penye maji ya chumvi huliwa, na utaona unga mweupe. Nyaya za kuushikilia zikipita miaka 10, hesabu gharama ya mpya.

Matanga ya mashindano hupoteza umbo kabla hayajachanika, kwa hiyo yapandishe kwenye upepo uyaone. Na usilipe kabla ya kuona cheti cha vipimo, kinachoonyesha mashua inafuata kanuni za aina yake; bila hicho unaweza kuzuiwa kushindana.